Tairi Lililolia Upande wa Mwenyewe

Saa saba mchana kituo cha mafuta huwa hakina adabu. Pikipiki zinachomekea, malori yanapiga honi, mwenye dumu anagombana na mwenye ndoo, na jua limewakalia wote utosini. Siku hiyo, katikati ya vurugu hizo, liliingia gari lililowanyamazisha watu.

Lilikuwa jekundu, la zamani, fupi, lenye viti viwili tu na halina paa. Lililala karibu na ardhi hata dereva alionekana kama ameketi kwenye mkeka. Taa zake za mbele zilikuwa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka, na magurudumu yake yalikuwa ya spoku kama ya baiskeli. Gari la mbio la enzi zile. Ila uzuri wote huo ulikuja na mlio, ngruuu, ngruuu, kutoka mbele chini, mithili ya jiwe linalosaga jiwe.

"Dada, umebeba simba humo?" dereva mmoja wa teksi akapaza sauti. Watu wakacheka.

"Nimembeba mama yangu," mwanamke akajibu bila kugeuka, "na yeye anauma kuliko simba."

Kicheko kikamgeukia dereva wa teksi mwenyewe.

Mwanamke huyo alikuwa na miaka thelathini na kitu. Alivaa gauni la njano la pamba, kilemba cha kijani, na shingoni alikuwa na utepe wa kupimia aliotoka nao kazini akausahau. Kwa kuwa alishona mapazia ya nusu ya nyumba za mji ule, watu walimwita Pazia, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti. Kando yake aliketi mama yake mzee, mkoba mapajani ameushika kwa mikono miwili, mgongo umenyooka kama anayepigwa picha.

Kwenye foleni ya madumu alisimama fundi mmoja wa makamo, ovaroli yake imefuliwa mpaka imepauka. Aliusikia ule mlio akasahau zamu yake. Huyu ndiye waliyemwita Sikio.

Jina hilo hakujipa. Mafundi wengine huinua gari kwa jeki, wakafungua, wakapekua. Sikio alipanda gari, akafumba macho, akazunguka nalo mtaa mmoja, kisha akashuka na kunyoosha kidole: hapa. Miaka kumi na miwili kidole kile hakikukosea, na watu walikuja gerejini kumtazama kama wanaotazama mazingaombwe.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua, ila dada yake mkubwa aliyemlea, ni kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Miezi tisa nyuma aliugua homa siku nne, na siku ya tano akaamka upande mmoja ni kimya. Daktari alimpima, akatikisa kichwa. Mtu wa sikio moja hajui sauti inatoka wapi. Zote humjia kutoka upande ulio mzima, na kwa Sikio dunia nzima ilikuwa imehamia kulia. Basi akajizoeza kutokuiamini kulia. Akisikia kitu kinalia kulia, hujiambia, "Hiyo ni kasoro yangu, si ya gari," akatafuta dalili nyingine, akabahatisha, na kwa rehema za Mungu alikuwa bado hajaumbuka. Na maneno ya watu yaliyompita, aliyajibu kwa kicheko. Kicheko hufaa mahali pengi.

"Dada yangu, hilo gari linaumwa," akamwambia.

"Nasikia, kaka. Mimi si kiziwi."

"Mimi ni fundi. Gereji yetu ni ile ng'ambo ya barabara, yenye lango la bluu."

"Mafundi wote hutoka lango la bluu wakimwona mwanamke yuko peke yake."

"Hauko peke yako. Uko na simba."

Hapo Pazia akamtazama kwa mara ya kwanza, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule upande mwingine akiuweka akiba.

"Linalia tangu lini?"

"Wiki mbili. Likikimbia linazidi, likisimama linanyamaza."

"Linalia upande wa mwenyewe," mama mzee akasema.

Sikio akainama. "Upande gani, mama?"

"Wa mwenyewe. Anapokaa mwenyewe." Akaupiga mkoba wake kofi dogo, kama aliyemaliza maneno.

"Usimjali, jua limemchosha," Pazia akasema haraka, haraka kuliko ilivyohitajika. "Kesho asubuhi nitalileta."

*

Kesho yake gereji ilijaa kama kuna harusi. Habari za gari jekundu zilikuwa zimefika kabla ya gari. Mzee mwenye gereji, mtu wa miwani minene na maneno machache, alikaa kwenye kigoda chake. Madereva waliacha magari yao wakaja kusimama.

"Sikio, tuoneshe!"

Akaketi kiti cha kushoto, Pazia akashika usukani upande wa kulia. Barabara ilikuwa imeshonana magari, hapakuwa na nafasi ya kukata kona hata moja ya maana. Walikwenda moja kwa moja, wakarudi moja kwa moja. Akafumba macho. Mlio ukamjia, wazi kabisa, kutoka kulia.

"Kwangu kila kitu ni kulia," akajisemea. "Basi hii ni kushoto."

Akashuka, akanyoosha kidole. "Gurudumu la mbele. Kushoto. Beringi."

Watu wakapiga makofi. Mzee hakupiga. "Hutainua na upande wa pili tukahakikisha?"

"Mzee, nimeshasema."

Gurudumu lenyewe lilishikwa na nati moja kubwa ya katikati, yenye masikio mawili, inayofunguliwa kwa kugongwa na nyundo ya shaba ili isichubuke. Sikio aligonga mara tatu, ikalegea. Pazia alichuchumaa karibu, akiukusanya upindo wa gauni lake usiguse mafuta.

"Na hiyo beringi ni nini hasa?"

"Ni bangili ya chuma yenye gololi ndani. Ndiyo inayoliacha gurudumu lizunguke bila kusuguana. Gololi zikichubuka, linalia."

"Maskini. Kumbe lilikuwa linaomba msaada."

Alinukia sabuni na pamba mpya. Sikio akainama zaidi juu ya gurudumu. Akaitoa beringi ya zamani na grisi yake nyeusi, akaitupa kwenye kopo bila hata kuifuta kuitazama. Akaweka mpya, akaipaka grisi ya kutosha, akakaza na spoku zilizokuwa zimelegea zikilia ti, ti, ti. Gari likatoka nje limetulia zaidi ya lilivyoingia. Ule mlio wa spoku ulikuwa umekwisha, na kelele zikipungua mtu hudhani zimeisha.

"Limepona," Sikio akasema.

"Na daktari ana namba ya simu?" Pazia akauliza.

*

Simu zikaanza.

"Halo, daktari wa magari."

"Halo, fundi wa madirisha. Umekula?"

"Nimekula sindano tatu, moja imevunjika. Leo nimepelekwa kwa bwana mmoja anataka pazia jeusi tii. Nikamuuliza, unamficha nani? Akasema, nalificha jua."

"Muulize kama anahitaji na fundi wa kumfichia honi."

"Wewe nawe!" Kicheko chake kilianza chini, kikapanda taratibu, na Sikio aliibana simu kwenye sikio la kulia isimpotee hata punje. "Mbona ukizungumza na simu unasikika kama umejibanza kabatini?"

"Ni kwa sababu sitaki mwingine akusikie."

"Muongo. Lakini uongo wako mtamu."

Waliposindikizana jioni kutoka dukani kwake, alimzunguka kila mara ili Pazia awe kuliani kwake. Pazia alikuwa mtu wa kupima vitu kwa jicho, akaliona.

"Una ustaarabu wa kizamani, laazizi. Kila tukitembea unanihamisha upande."

"Nakukinga na magari."

Akafurahi, akamshika mkono. Sikio akatembea na furaha hiyo imemkaa kifuani kama nguo ya kuazima.

Nyumbani dada yake mkubwa alimsubiri na swali lile lile. "Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini? Utakapozeeka ukafa na la pili?" Alikuwa mwanamke wa sala, mwenye sauti isiyopanda. "Mwenyezi Mungu hakulifunga hilo sikio ili umfanye mtoto wa mwenzio mjinga."

"Dada, nikisema, nani ataniletea gari? Jina langu lenyewe ni Sikio. Nitakuwa nani?"



Siku moja Pazia akamwambia kwenye simu, "Jumamosi ya wiki ijayo nampeleka mama kwa dada yake. Ni mwendo wa saa tano, kuna mlima wa kushuka wenye kona kona. Hawajaonana miaka minne, nataka waonane kabla..."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya mvua," akasema. "Tena lazima twende na gari la baba. Mama akiwa ndani ya gari lile anakuwa sawa."

Sikio akaona ni maneno mazuri ya mtoto ampendaye mamaye. Hakuuliza zaidi.

*

Jumapili, kabla ya Jumamosi hiyo, mlio ulirudi wote.

"Njoo usikilize mgonjwa wako," Pazia akamwambia. "Leo endesha wewe."

Alivaa gauni la bluu lenye madoa meupe, kitambaa amekifunga chini ya kidevu kwa ajili ya upepo, na miwani ya jua iliyomfanya aonekane mgeni wa heshima. Akaketi kiti cha kushoto. Sikio akashika usukani, na sikio lake lililokufa likawa upande wa mpenzi wake.

Barabara ya kuzunguka uwanja wa mpira ilikuwa tupu. Akaongeza mwendo, mlio ukaongezeka. Akakata kona ya kushoto, mlio ukavimba ukawa mngurumo. Akanyoosha, ukapungua. Akakata tena kushoto, ukavimba tena.

Gari likikata kushoto, uzito wote hulalia kulia. Kinachopiga kelele hapo ni cha kulia. Hata fundi wa mwaka mmoja analijua hilo. Alikuwa amefungua upande mzima akaacha upande mbovu, mbele ya watu wote, kwa sababu ya sikio lake na kwa sababu ya kidole chake.

Wakati akiyawaza hayo, upepo ukivuma, Pazia alikuwa anazungumza. Sikio hakujua. Waliporudi barabara kuu, aliposimama kwenye taa nyekundu akageuka, akaiona midomo yake ndiyo kwanza inafunga, na uso umemwelekea, unangoja. Macho yalikuwa nyuma ya miwani.

Akafanya alichozoea kufanya. Akacheka.

Alicheka vizuri, kwa moyo, akaupiga na usukani kofi.

Pazia akavua miwani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Unacheka?"

"Aa, nilikuwa..."

"Nimesema nini cha kuchekesha? Hebu rudia na mimi nicheke."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Maneno matatu tu yangetosha, na alikuwa nayo ulimini. Nyuma yake gari likapiga honi. Akasema, "Nilikuwa nasikiliza tairi."

"Tairi." Pazia alilirudia neno hilo taratibu, kama anayelipima kwa utepe. "Nimekufungulia moyo wangu wote, wewe unasikiliza tairi. Kisha unacheka. Shuka."

"Mpenzi, ngoja..."

"Shuka kwenye gari la baba yangu!"

Akashuka katikati ya barabara, honi zikimzomea. Pazia akahamia kwenye usukani. Sikio alitaka kumpigia kelele kwamba ni gurudumu la kulia, nilikosea, usilikimbize. Lakini angeulizwa, ulikoseaje? Akafunga mdomo. Gari likaondoka likinguruma, doa jekundu likizidi kuwa dogo.

*

Jumatatu simu haikupokelewa. Jumanne haikupokelewa. Jumatano akaandika ujumbe: *Tafadhali usiende mbali na hilo gari.* Jibu likaja mara moja: *Si ulisema limepona? Basi ulinidanganya lini, siku ile au leo?* Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta.

Ijumaa mchana, gereji ikiwa imetulia, alilitafuta kopo lile. Beringi ya zamani ilikuwa bado imo, imezama kwenye grisi. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, akaivika kidoleni, akaizungusha. Ikazunguka laini, kimya, kama maji. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mzee mwenye gereji akaja akasimama mbele yake. "Hiyo nzima. Umeitoa wapi?"

"Kwenye gari jekundu."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Na mbovu iko wapi?"

Sikio akairudisha kwenye kopo. Jioni, jua likizama, alimkuta dada yake ndiyo kwanza ananyanyuka kwenye sala. Akamweleza yote, akianza na kicheko.

"Alikwambia nini mtoto wa watu, hata akalia?"

"Sijui, dada. Mpaka leo sijui."

"Na kesho wanapita mlimani na hilo gari."

"Kesho. Lazima ajaze mafuta kwanza, saa moja asubuhi atakuwa kituoni. Na kituoni watakuwepo wote. Madereva wote."

Dada akakunja mkeka wake taratibu, pembe kwa pembe. "Miezi tisa nimekuombea upate sikio," akasema. "Leo nitakuombea upate mdomo."

*

Saa moja asubuhi kituo kilikuwa kimefurika. Gari jekundu lilisimama kwenye pampu ya kwanza. Pazia alivaa suruali ya safari na blauzi nyeupe, nywele amezifunga kwa nyuma, uso hauna tabasamu la upande wowote. Mama mzee alikuwa kitini na mkoba wake. Sikio akaja akasimama mbele ya taa za gari, mikono mitupu.

"Toka njiani, fundi."

Fundi. Neno hilo peke yake lilimkata.

"Gurudumu bovu ni la kulia. Usiende mlimani nalo, Pazia. Nakuomba."

"Ulisema kushoto. Ulinyoosha kidole mbele ya watu."

"Nilikosea."

"Sikio hakosei!" dereva yule wa teksi akaingilia, akishuka garini mwake. "Dada, huyu hakosei, tunamjua."

"Unawasikia mashabiki wako?" Pazia akasema. "Nikuamini wewe yupi? Wa siku ile, au wa leo anayenizuia nisimpeleke mama yangu? Au na hili linakuchekesha?"

"Sisikii," Sikio akasema, chini chini.

"Nini?"

"Sikio la kushoto."

"Sema kwa sauti! Siku ile ulicheka kwa sauti."

Akawatazama madereva, mmoja mmoja. Aliyajua magari yao kuliko walivyoyajua wenyewe. Kisha akapaza sauti, na sauti hiyo akaisikia mwenyewe kama inatoka kulia, kama kila kitu.

"Sikio langu la kushoto limekufa! Mwezi wa kumi huu. Sijui sauti inatoka wapi. Nimekuwa nikibahatisha. Gari la huyu dada nilibahatisha, nikakosea, nikaona aibu kusema."

Mhudumu wa pampu akasahau mkono hewani. Mwenye lori moja akasema, "Na langu, mwezi uliopita, ulibahatisha?" Sikio akainamisha kichwa. Yule akapanda lori lake, akaondoka bila kuaga.

"Uongo mwingine huo," Pazia akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua makali.

Sikio akageukia gari, akaanza kueleza habari za kona na uzito. Pazia akamzunguka polepole, akasimama nyuma ya bega lake la kushoto, karibu hata pumzi ingemfikia, akasema jambo. Sikio akaendelea kueleza. Pazia akasema tena. Sikio alikuwa amefika kwenye habari za grisi. Madereva wakatazamana.

"Wewe bwana," mama mzee akamkemea kutoka kitini, "unaitwa huko, hugeuki?"

Akageuka, akashtuka kumwona pale. "Umesema nini?"

Pazia alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Akakishusha. "Jumapili," akasema, akitamka neno moja moja, "nilikuwa nimekaa upande huu."

"Huo huo."

"Hukusikia chochote?"

"Hata neno. Ukiniona nacheka bila sababu, ujue sijasikia."

Pazia akageukia pembeni, akayafuta macho kwa mkono wa blauzi. Dereva wa teksi alikwisha kuleta jeki bila kuambiwa. Wakalisukuma gari pembeni ya kituo, wakainua mbele upande wa kulia. Safari hii Sikio hakufumba macho. Akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Kloko, kloko. Lilicheza kama jino bovu.

"Nipe mkono," akamwambia Pazia. Akakichukua kiganja chake, akakiweka juu ya springi iliyoshikana na gurudumu, akalizungusha gurudumu polepole. "Unahisi?"

"Kama mchanga," Pazia akanong'ona. "Kama kuna mchanga ndani."

"Hivi ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Haihitaji sikio."

Akaomba nyundo, akafungua. Beringi ilitoka vipande vipande. Gololi mbili zilikuwa zimepasuka, grisi imeungua imekuwa makaa, chuma kimegeuka rangi ya bluu kwa moto. Kona tatu za ule mlima, na gurudumu lingekwenda njia yake. Dereva wa teksi alipiga mluzi, akautazama mkoba wa mama mzee.

"Nilisema," mama mzee akasema. "Upande wa mwenyewe."

Sikio akapiga goti kando yake. "Mwenyewe nani, mama?"

"Mume wangu. Hukaa pale." Akaonesha kiti cha usukani, kulia. Kisha akainua kidole kile kile kumwelekea Pazia. "Na huyu binti aliyesimama, ni nani? Mzuri. Ana mama?"

Sikio akamtazama Pazia.

Pazia akaja akasimama kuliani kwake. Akahakikisha ni kulia.

"Hilo ndilo nililokwambia Jumapili," akasema. "Nitakwambia tena mara moja tu, sina nguvu ya mara ya tatu. Mama hanijui. Gari likitembea ananijua, ananiita kama zamani. Likisimama, mimi ni mgeni. Ndiyo maana nalitunza. Nilikuwa na mchumba, alipolijua hilo akaacha hata kupokea simu. Anayenichukua mimi anamchukua na mama, na itakuwa mbaya zaidi kila mwaka. Jumapili nilikuuliza, utaweza? Ukacheka."

Sikio hakucheka. Alikaa na maneno hayo, akiyasikia yote, kila moja mahali pake.

"Kuna shida moja," akasema mwishowe.

Uso wa Pazia ukafunga. "Ipi?"

"Viti ni viwili. Sisi watatu."

"Na hilo ndilo jibu lako?"

"Mimi nitasukuma."

Pazia akamtazama, akipima. Hakusema ndiyo. Alilifunua tabasamu la upande mmoja, likatetemeka, akaenda kuketi kwenye usukani. "Mama mkubwa atangoja mpaka Jumatatu," akasema kwa sauti ya kazi. "Turudisheni gurudumu hivyo hivyo, tulisukume mpaka gerejini polepole. Na wewe fundi, ukiniambia limepona, nataka niliinue mwenyewe kwa jeki."

"Inua pande zote mbili."

"Sasa tutakuita nani?" dereva wa teksi akauliza, akikunja mikono ya shati kwenda nyuma ya gari. "Nusu?"

"Mwiteni fundi," Pazia akasema.

Madereva watatu wakasukuma kwa nyuma. Wengine walibaki kwenye pampu zao, wakinong'onezana, na Sikio alijua kuna magari ambayo hayataingia tena lango la bluu. Yeye akaenda upande wa kushoto, upande wa mama, akashika mlango, ili wote wawili wawe kwenye sikio lake zima. Gari likavuka barabara mwendo wa mguu, injini imezimwa, spoku zikimetameta.

Katikati ya barabara mama mzee aligeuka kitini. Akamtazama bintiye, uso ukamfunguka kama dirisha.

"Kumbe ni wewe, mwanangu," akasema. "Mbona umekonda hivi?"

"Kazi nyingi, mama."

"Na huyu anayetusukuma?"

"Ni fundi, mama."

"Fundi wa nani?"

Pazia alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kwenye lango la bluu. Alijibu polepole, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusikiwa na barabara nzima. Lakini alikuwa kuliani kwa Sikio, naye Sikio akasikia.

"Wetu."